Miiba kwenye SCL nikinasa I2C: PulseView au waya?

Fundi_Mbale
Wakuu, naombeni msaada. Kidhibiti cha mashine ya kutotolea vifaranga: ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu) na kihisi cha joto cha BME280, I2C (mawasiliano ya nyaya mbili: SCL ya mapigo ya saa, SDA ya data) ya 400 kHz, volti 3.3, waya wa sentimita 60 hadi ndani ya kabati. Nanasa kwa lojiki analaiza (kifaa cha kurekodi 0 na 1 za waya) ya chaneli 8, ile ya 24 MHz yenye chipu ya CY7C68013A. SCL inaota miiba myembamba na dikoda (inayotafsiri mawimbi kuwa baiti) inasoma baiti ambazo hazipo, ila joto linalotoka ni sahihi. Nikishusha kasi ya sampuli hadi 4 MHz, miiba inapungua. Je, PulseView, programu inayochora nilichonasa, inachora vibaya?

Lojiki_Wandegeya
Usiilaumu skrini kabla ya kupima. Hifadhi faili, kisha isome kwa sigrok-cli, bila skrini ya PulseView:

`sigrok-cli -i kunasa.sr -P i2c:scl=D0:sda=D1`

Makosa yakirudi yaleyale, miiba imo kwenye data. Halafu kuza picha mpaka uone sampuli mojamoja. Mwiba una upana gani, na umekaa wapi? Bodi ya kihisi ina rezista gani za kuvuta juu (zinazopandisha SCL na SDA hadi volti 3.3)?

Fundi_Mbale
Makosa ni yaleyale. Upana ni sampuli 1 au 2, kila mara SCL inapopanda, haitokei inaposhuka. Rezista ni 10k.

Lojiki_Wandegeya
Basi umeshaipata. Chipu hiyo inahesabu 0 chini ya volti 0.8 na 1 juu ya 2.0, katikati haina uhakika. Ukichukulia pikofaradi 100 kwa waya, bodi na klipu, 10k inaipitisha SCL eneo hilo kwa nanosekunde 650 hivi, yaani sampuli 15 mfululizo za kubahatisha. Kelele kidogo tu, mwiba. BME280 ina kichujio cha miiba kwenye pini zake, ndiyo maana haisumbuki. Kushusha hadi 4 MHz hakutibu kitu, sampuli zinaruka tu juu ya ugonjwa.

Lehemu 3.3k sambamba na kila 10k, SDA na SCL zote mbili. Utapata kama 2.5k, na muda wa kupanda kwa kipimo cha I2C (toka asilimia 30 hadi 70 ya volti) utashuka toka nanosekunde 850 hadi 210. Kikomo cha I2C ya 400 kHz ni 300, kwa hiyo hata kihisi chenyewe kilikuwa nje ya kanuni.

Gulu_Elektroniki
Naongezea grandi, watu wengi huidharau. Ichukue palepale unapobana klipu ya SCL, kwa waya mfupi, usiitoe upande wa pili wa bodi. Kwenye ule waya mrefu pitisha grandi katikati ya SDA na SCL, la sivyo SDA ikishuka itaitikisa SCL. Miiba ikibaki, chomoa chaja ya laptopu unase kwa betri. Ikitoweka, na ilikuwa inakuja kila milisekunde 10 au 20, huo ni umeme wa ukutani wa 50 Hz unaopenya kupitia chaja isiyo na ethi.

Fundi_Mbale
Nimeweka 3.3k na kuhamisha grandi. 24 MHz, dakika 5, dikoda haina kosa hata moja. Asanteni sana.