Mafundi wa Dar mtatuua: nimeagiza tairodi, nikapewa nondo iliyopakwa rangi

Wakuu, leo niacheni niseme. Nondo! Ile ile ya kumwagia zege. Mtu ameikata, ameikereza juu juu, ameitoboa, akaipaka redoksaidi nzito, akanikabidhi na kuniambia "bosi, hii kitu ni shafti, haikatiki maisha." Tairodi ni kile chuma cha kwenye usukani kinachosukuma na kuvuta tairi za mbele zigeuke. Ikikatika huna breki ya kukuokoa wala muda wa kusali.

Kwa wasiojua habari yangu: najenga nyumbani gari dogo la michezo, nakala ya ile Lotus Seven iliyotoka Uingereza mwaka 1957, ambayo tangu 1973 kampuni ya Caterham ndio wenye haki ya kuitengeneza. Ni gari la ajabu kwa urahisi wake: chasi ya skwea paipu, viti viwili, injini mbele, hakuna mlango wa maana. Injini, giaboksi na difu nimetoa kwenye Toyota Altezza, ile injini ya 3S-GE ambayo kwa karatasi inatoa farasi 210. Gari lote halitafika kilo 700. Sasa piga hesabu mwenyewe nguvu hiyo kwenye uzito huo, halafu tairi za mbele ziwe zimeshikwa na nondo.

Chasi niliunga mwenyewe, sina ugomvi nayo. Nilichohitaji karakana ni am za mbele za juu na chini (ile mikono inayoshika tairi kwenye chasi), vipande vya kurefushia tairodi pande zote mbili (raki, ile ya meno inayogeuza tairodi, ni fupi, ya gari dogo lisilo na pawa, na nimeichagua kwa makusudi), pamoja na breketi za kushikia raki kwenye chasi. Nilipeleka michoro yenye vipimo vyote. Nikaandika aina ya chuma: shafti ya EN8 (chuma kigumu cha mashine) kwa tairodi, bomba lisilo na mshono la milimita 25 kwa am. Jamaa, karakana yake iko maeneo ya Gerezani, akaangalia mchoro kama sekunde tano, akaukunja, akauweka mfukoni. "Hakuna shida bosi wangu, hizi tunafanya kila siku."

Kila siku wapi? Nani mwingine Dar anajenga Lotus Seven?

Nianze na hiyo tairodi. Nilipoikwangua kwa ukucha rangi ilibanduka, na chini yake nikaona alama za mbavu za nondo ambazo mashine haikuzimaliza. Ukitazama tundu lake kwa mbele, ukuta wa upande mmoja una milimita mbili na nusu, upande wa pili tano na nusu. Yaani hakulenga hata katikati. Thredi za ndani zimeingia kama mizunguko miwili hivi, kisha tundu linaendelea tupu. Kwa kipande kinachobeba usukani, thredi zinatakiwa zishikane angalau mara moja na nusu ya kipenyo cha boliti, na ukutani pande zote pawe sawa. Nondo ya ujenzi imetengenezwa ivutwe ndani ya zege ikiwa imetulia. Haikutengenezwa ipigwe mbele na nyuma na kila shimo huku imechongwa thredi.

Am nazo ni msiba mwingine. Badala ya bomba nililoandika kachukua bomba la maji, lile la mabati. Anayechomelea anajua kinachotokea: zinki inaungua, moshi mweupe unatoka, na weldi inabaki na vitundu kama maandazi yaliyoiva vibaya. Na hata hakukwangua zinki kwanza. Kijana wake namkuta anakunywa maziwa pembeni, eti ndiyo dawa ya ule moshi. Maziwa hayatoi zinki mapafuni, mdogo wangu, lakini hilo ni la siku nyingine.

Halafu kachomelea vikombe vya bushi huku bushi za raba zikiwa ndani! Zimeiva. Ukiibonyeza raba inabaki na alama ya kidole. Na boljointi, kile kiungo cha mwisho wa am kinachoruhusu tairi kugeuka, badala ya kutengeneza kikalio cha kuifunga kwa boliti kama mchoro unavyosema, kaichomelea mwili mzima kwenye bamba. Ndani ya boljointi kuna grisi na kikombe cha plastiki, sasa wewe unaipiga weldi pande zote inawaka nyekundu, unategemea nini kimebaki humo? Nimeizungusha kwa mkono, inakwaruza kama ina mchanga.

Jigi, ile fremu ya kushikilia vipande visisogee wakati wa kuchomelea, hakutumia. Am ya kushoto na ya kulia nimezilaza moja juu ya nyingine, zinapishana milimita sita kwenye boljointi. Nikimwambia ananijibu, "utarekebisha kwenye alaimenti." Alaimenti inarekebisha kile ulichoacha nafasi ya kurekebisha. Hii am haina hata thredi ya kuivutia. Gari litavuta upande mmoja mpaka siku linakwenda skrepa.

Ila kilichonipandisha presha kweli ni raki. Niwaeleze taratibu maana naona hata wengine wanaojiita mafundi wakubwa hawalijui hili. Tairi likipanda na kushuka, am zinazunguka kwenye duara zake, na tairodi nayo inazunguka kwenye duara lake. Duara hizo zisipoendana, tairodi inasukuma au kuvuta tairi bila wewe kugusa usukani. Ndiyo maana nilitafuta raki fupi: kiungo cha ndani cha tairodi kikae kwenye mstari mmoja na vile viungo vya ndani vya am ya juu na ya chini. Mchoro unaonyesha. Jamaa kapandisha raki milimita 20. Kisa? "Ilikuwa inakaribia puli ya injini." Hakupiga simu, hakuuliza. Kachomelea tu, tena moja kwa moja kwenye chasi yangu niliyompelekea kwa kirikuu.

Nimepima. Toa springi, funga ubao mnyoofu kwenye habu, weka jeki chini, pandisha sentimita tano, pima mbele ya ubao na nyuma yake. Tofauti ikatoka milimita 12! Mtu akiingia shimo la upande wa kushoto pale Barabara ya Mandela na mwendo wa 80, gari linajikata lenyewe kuelekea lori la pembeni. Nilimwonyesha ubao, nikamwonyesha futi kamba. Akaniagizia soda.

Boliti sizungumzii sana. Niliomba 8.8, zile ngumu zenye namba kichwani. Nimeletewa zisizo na alama yoyote, za kufungia mabati.

Advansi yangu ni laki nne. Hazirudi, "nimeshanunua materiali." Materiali ipi, nondo?

Na msije mkaniambia mafundi wetu hawana uwezo, kwa sababu si kweli. Kabla ya huyu nilipita kwa mzee mmoja mkerezaji pale Chang'ombe. Alivaa miwani, akasoma mchoro wote, akauliza maswali mawili ya maana, akasema: "Mwanangu, chuma cha namna hii sina kwa sasa, na sitakutengenezea usukani kwa chuma nisichokijua." Huyo ndiye fundi. Nilimshukuru, nikaondoka, na mpaka leo namheshimu kuliko wote waliosema "hakuna shida". Tatizo letu ni hawa wasioweza kutamka "siwezi" mbele ya mtu aliyeshika pesa. Geti likipinda utalisukuma kwa bega. Steringi je?

Najua wapo watakaokuja na "si ununue tu gari Japani". Sikuomba ushauri wa kununua gari. Na wale wa "Waafrika hatuwezi vitu hivyo", Afrika Kusini kuna kampuni ya Birkin iliyotengeneza nakala za Seven hii hii, na kule Port Elizabeth (siku hizi Gqeberha) zimetengenezwa nakala za gari la michezo la Cobra zilizouzwa mpaka Marekani. Hapa hapa kwetu Kibaha watu walitengeneza lori la Nyumbu. Waliofanya hayo hawakukunja mchoro wakautia mfukoni.

Ninachotaka kwenu ni vitu viwili. Mwenye kujua anayeuza EN8 na bomba lisilo na mshono kwa vipande, siyo lazima ununue urefu wote wa mita sita, aniambie duka liko mtaa gani. Pia namtafuta mkerezaji atakayekubali nisimame pembeni ya mashine yake wakati anakata thredi. Nitalipa zaidi, sina shida na hilo, ila chuma naleta mwenyewe na naondoka na mabaki yake.

Nyongeza: walioniuliza inbox kwa nini sitaji jina la karakana. Nako zangu mbili za mbele (vile vyuma vinavyoshika habu za tairi) bado ziko kwake, alizibakiza ili "amalizie". Jumamosi asubuhi nakwenda kuzichukua na jamaa yangu mwenye kirikuu. Zikishapanda kwenye gari ndipo tutaongea habari ya laki nne, na soda yake abaki nayo.