Mdahalo wa skuli: "Ukuta wa mpakani ndio dawa ya uhamiaji haramu". Tunapinga, tusaidieni hoja

MwalimuWete
Assalaam alaykum wanabaraza. Skuli yetu imepangiwa upande wa kupinga katika mdahalo wa kidato cha tano na sita, Jumamosi ya wiki ijayo, Chake Chake. Mada ndiyo hiyo hapo juu. Wazungumzaji watatu, kila mmoja dakika 5, halafu dakika 3 za kujibu. Mpaka sasa wanafunzi wana hoja mbili: kwamba ukuta haufanyi kazi kabisa, na kwamba ukuta ni ubaguzi. Naona kama tutachapwa. Naomba takwimu zisizopinduka, na mnambie wenzetu watatubana wapi.

Nahodha_Msuka
Waalaykum salaam Mwalimu. Hiyo ya "haufanyi kazi kabisa" itoeni leo leo. Watasimama na Hungary peke yake na mtakuwa mmekwisha. Mwaka 2015 Hungary ilijenga uzio wa km 175 mpakani na Serbia. Maombi ya hifadhi yaliyopokelewa huko yalikuwa zaidi ya 170,000 mwaka huo. 2016 yakashuka chini ya 30,000. Wakimaliza hapo watakuja na Israel: uzio wa km 240 hivi upande wa Sinai, waliovuka zaidi ya 10,000 mwaka 2012, na mwaka 2013 hawakufika hata 100.

Kubalini hayo mapema, msisubiri kuambiwa. Kisha shikeni neno "ndio" lililo kwenye mada. Haikuandikwa "ukuta unasaidia", imeandikwa "ndio dawa". Kazi yenu ni kuonesha kwamba ukuta peke yake hubadilisha njia na nauli ya mvushaji. Idadi hushuka pale tu nyuma ya ukuta pakiwa na askari, sheria na jirani aliyekubali kushirikiana.

Hungary yenyewe inawapa jibu. Uzio wa Serbia ulipofungwa Septemba 2015, msafara ulipinda siku zile zile ukapita Croatia, baadaye na Slovenia, watu wakafika Austria kama kawaida. Kilichopunguza msafara wote ni mataifa ya Balkani kufunga njia mwanzoni mwa 2016, pamoja na makubaliano ya Umoja wa Ulaya na Uturuki ya Machi mwaka huo. Israel nayo iliweka vihisio na doria karibu karibu, na Januari 2012 ikapitisha sheria ya kumweka ndani aliyevuka hadi miaka mitatu. Ukuta ulikuwa kitu kimoja kati ya vinne.

BintiMkoani
Naongezea Marekani, maana ndiko mada hii inakotoka na majaji watangoja kuisikia.

Mpaka na Mexico ni km 3,145. Mwanzoni mwa 2021 vizuizi vya kila aina vilikuwa vimefika takriban km 1,130. Utawala wa kwanza wa Trump ulijenga km 737 kwa dola bilioni 15 hivi, lakini sehemu kubwa ilikuwa kung'oa uzio wa zamani na kuweka mpya. Ukuta wa mstari wa mbele, yaani ule wa kwanza kukutana nao, mahali ambapo hapakuwa na chochote ulikuwa km 84 tu. Angalieni pia mtoto asiseme "Trump ndiye aliyeanza". Sheria ya uzio ya 2006 ilisainiwa na Bush, na maseneta Obama, Hillary Clinton na Biden waliipigia kura ya ndiyo. Mwenye mada akiijua hiyo, mtaaibika.

Hoja nzito kuliko zote ni kulinganisha miaka. Mwaka 2000 ukuta ulikuwa mfupi, na waliokamatwa mpaka wa kusini walikuwa milioni 1.6 na kitu. Mwaka 2023 ukuta ulikuwa mrefu mara nyingi zaidi, na waliokamatwa walipita milioni 2. Ila kuna mtego. Kinachohesabiwa ni matukio ya kukamatwa, na wala si vichwa vya watu. Ile amri ya afya ya wakati wa korona, Machi 2020 hadi Mei 2023, iliwarudisha wengi papo hapo bila kesi, kwa hiyo mtu mmoja alijaribu mara tatu nne na kila mara akahesabiwa upya. Semeni "matukio" na hamna atakayewagusa. Na mwaka wao wa fedha huanza Oktoba, kwa hiyo tarakimu za "2023" zinaanzia Oktoba 2022.

Halafu kuna wale wasiouona ukuta kabisa: wanaoshuka uwanja wa ndege na viza halali, muda ukapita, wakabaki. Center for Migration Studies ya New York ilikadiria kwamba kwa miaka kadhaa kuanzia 2010, katika wasio na karatasi waliokuwa wakiongezeka, waliozidisha muda wa viza walikuwa wengi kuliko waliovuka kwa siri. Msiipeleke hiyo kwenye 2021 hadi 2023, hapo mambo yaligeuka.

FundiChuma_Darajani
Mie nielezee chuma chenyewe, maana wanafunzi husema "ukuta" wakafikiri matofali.

Ni nguzo za skwea paipu za inchi 6 kwa 6, zimejazwa zege, nyingine na nondo ndani, na kati ya nguzo na nguzo pana nafasi ya inchi 4 hivi ili askari aone upande wa pili. Urefu futi 18 hadi 30. Juu pamefungwa bamba la chuma la kuzuia mtu kushika.

Udhaifu wake ni huu. Nguzo imeshikwa chini kwenye msingi na juu kwenye bamba. Ukiikata karibu na ardhi inaning'inia, unaisukuma pembeni, mtu anapita. Msumeno wa umeme wa mkono wa chini ya dola 100, ukiwa na meno yanayofaa, unaimaliza kwa dakika zisizozidi 30. Kwa miaka ya fedha 2019 hadi 2021 ukuta mpya ulikatwa zaidi ya mara 3,000, na kila tundu linataka fundi wa kuchomelea, gari na mlinzi. Wasiokata hupanda kwa ngazi za nondo zenye kulabu. Wengine huchimba: handaki lililotangazwa San Diego Januari 2020 lilikuwa na urefu wa mita 1,300 na lilishuka futi 70 chini.

Maji ndiyo yanayosahauliwa. Arizona mvua za kiangazi hushuka kwa kishindo, takataka zikinasa kwenye zile nafasi za inchi 4 ukuta unakuwa bwawa. Ndiyo maana wameweka mageti ya mafuriko, na msimu wa mvua huachwa wazi. Agosti 2021 karibu na Douglas maji yaliyang'oa mageti yenyewe.

Mchambuzi_Mlandege
Mimi naunga mkono ukuta, kwa hiyo nawauliza kama atakavyouliza mpinzani wenu. Mwaka wa fedha 2025 waliokamatwa mpaka huo walishuka hadi karibu 238,000, kiwango ambacho hakijaonekana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtajibu nini? Na kukatwa si hoja. Mlango hata ukivunjwa mara moja, bado unamchelewesha mwizi mpaka mgambo afike.

BintiMkoani
Swali zuri, na la kuchelewesha ni kweli, likubalini. Ila dakika 30 zina maana mahali ambapo askari yuko dakika 10 kutoka hapo. Jangwani, ambako gari huchukua saa mbili, hazina kazi.

La 2025: ukuta wa 2023 na wa 2025 ni karibu ule ule. Kilichobadilika ni Mexico kuwazuia watu ndani kwake tangu mwanzoni mwa 2024, vikwazo vya hifadhi vya Juni 2024, na Januari 2025 kufungwa njia ya hifadhi mpakani na kupelekwa wanajeshi. Tarakimu hiyo ni yenu, chukueni.

Nahodha_Msuka
Na Texas je? Mpaka wake, km 2,000 hivi, ni mto. Mkataba wa 1970 na Mexico unakataza kujenga kitu kitakachopindisha maji, kwa hiyo uzio hukaa nchi kavu, mahali pengine mbali na ukingo. Anayevuka mto amekwisha kukanyaga ardhi ya Marekani kabla hajaugusa ukuta, na familia nyingi zilikuwa zikikaa pale pale kungoja askari ili ziombe hifadhi. Ukuta haumzuii mtu anayekutafuta.

MwalimuWete
Mungu awalipe. Ile ya ubaguzi je? Na mfano wa kwetu upo, maana sisi mpaka wetu ni bahari?

MzeeKidike
"Ubaguzi" liacheni, ni neno la kurushiana. Semeni gharama kwa roho za watu, kwa tarakimu. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) lilihesabu vifo na kupotea 686 mpaka wa Marekani na Mexico mwaka 2022. Madaktari wa hospitali ya chuo kikuu San Diego waliripoti vifo 16 vya walioanguka ukutani kati ya 2019 na 2021, baada ya ukuta kupandishwa hadi futi 30. Miaka mitatu iliyotangulia hakufa hata mmoja.

Mfano wa karibu: Kenya ilianza uzio mpakani na Somalia mwaka 2015 baada ya shambulio la Garissa. Mpaka unapita km 680. Zilijengwa kilomita chache upande wa Mandera, kazi ikasimama 2018. Na kwetu bara, Juni 2012, Waethiopia zaidi ya 40 walikutwa wamekufa Dodoma wakisafirishwa ndani ya lori kuelekea kusini. Njia ikiwa ngumu mvushaji hufungasha watu zaidi, hilo halikuhitaji ukuta.

Bahari? Bandari bubu hazijengewi ukuta. Januari 2001 watu zaidi ya 2,000 walikimbia machafuko ya kisiasa Pemba kwa vyombo hadi Shimoni, Kenya, na hao kisheria ni waomba hifadhi; wanafunzi wasichanganye na "haramu". Tena Wapemba wa Kilifi na Kwale wamekaa Kenya vizazi na vizazi bila kitambulisho, wakaja kutambuliwa 2023. Walichokosa ni karatasi, na mada yenu haijagusa karatasi. Mpeni hiyo mzungumzaji wa tatu.

FundiChuma_Darajani
Na kwenye kadi andikeni kipimo kimoja. Maili 458 na km 737 ni ukuta ule ule. Mtoto akizitaja zote mbili ataonekana anajumlisha.