Msaada wakuu: "Mwana wa Adamu" maana yake nini hasa?

Ndovu Mpole: Wakuu, salaam. Nafundisha vijana kanisani. Mmoja kaniuliza: kama Yesu ni Mwana wa Mungu, mbona mwenyewe hujiita Mwana wa Adamu? Tangu juzi sipati usingizi. Nimjibuje?

Babu Kibuyu: Omba kwanza. Vijana wa siku hizi maswali mengi, kufagia kanisa hawataki.

Mama Watatu: Wangu aliniuliza kama Kristo ni jina la ukoo. Nikamwambia ni cheo, "mpakwa mafuta" kwa Kigiriki, ndiyo Masihi ya Kiebrania. Hata Koreshi, mfalme wa Uajemi, anaitwa masihi, Isaya 45:1. Nilishtuka mwenyewe!

Kasuku: Swali hilo tu halimkoseshi mtu usingizi. Mleta uzi, unaficha nini?

Ndovu Mpole: Haya. Nilishajibu Jumapili. Nilisema ni binadamu tu, basi, kama Ezekieli anavyoitwa "Mwanadamu". Mzee wa kanisa alikaa benchi la nyuma. Akafunga Biblia, akatoka. Ndiye baba wa mchumba wangu, na barua ya posa iko kwake. Kesho kaniita. Lakini siombi radhi, Kiaramu chenyewe, lugha aliyosema Yesu, kinasema hivyo!

Mti Mkavu: Kiaramu uko sahihi, ila umeishia njiani. Danieli 7:13, aliye "mfano wa mwanadamu" anakuja na mawingu, anapewa ufalme. Marko 14:62, Yesu anayarudia mawingu hayohayo mbele ya kuhani mkuu, naye anararua mavazi. Nani ararue nguo kwa sababu mtu kasema "mimi ni binadamu"? Biblia yetu imeandika "mwanadamu" kwa Danieli na "Mwana wa Adamu" kwa Marko, ndiyo maana wengi hatuoni kamba inayowaunganisha.

Kasuku: Hii chai. Mzee, posa, Biblia inafungwa puu! Filamu kabisa.

Babu Kibuyu: Chai ya maziwa. Mimi posa yangu ilirudishwa mara mbili, nisikilizeni…

Mama Watatu: Acheni kijana. Hata ikiwa chai, Paulo mbona hatumii jina hilo kwenye barua zake?

Mti Mkavu: Aliwaandikia watu wa Korintho na Rumi. Kwa Kigiriki lingesikika geni mno, nadhani.

Ndovu Mpole: Si chai, naapa. Mkuu Mti, kurarua mavazi ni mstari wa 63?

Mti Mkavu: 63. Na Danieli usiishie 13, soma na 14.