Bahari ndiyo barabara yetu: je, serikali iongeze fedha katika usafiri wa boti Lamu?

Mfungua mjadala, Faza

Assalam aleikum jamaa. Naandika nikiwa ufukoni Faza, kisiwani Pate, nasubiri maji. Leo ni bamvua. Maji yamekupwa hadi boti zimelala ubavu kwenye tope, na nahodha ametwambia tusitarajie kuondoka kabla ya saa nane. Ninachokifuata Amu, yaani mji wa Lamu, ni sahihi ya ofisa mmoja kwenye karatasi ya basari ya mwanangu. Nikifika saa kumi na kitu, ofisi zinafungwa. Itabidi nilale kwa jamaa, niipate sahihi kesho, kisha nisubiri tena maji ya kunirudisha. Sahihi moja imekula siku mbili.

Swali langu kwenu: serikali, ya kaunti na ya taifa, iongeze fedha katika usafiri wa umma wa baharini, au haya tuwaachie wenye boti na soko?

Mimi nasema iongeze, na sababu yangu ya kwanza ni petroli. Kila lita inayouzwa Kenya hukatwa ushuru wa kutengeneza barabara. Ulikuwa shilingi 18, na tangu Julai 2024 ni shilingi 25. Mashine ya boti hainywi petroli ya namna nyingine, ni hiyo hiyo ya gari. Boti ikichoma lita 40 katika safari zake, imechangia shilingi 1,000 kwa barabara ambayo haitaikanyaga maisha. Tunalipa kama wenye magari, na njia yetu haihesabiwi kuwa njia.

Sisemi barabara zisijengwe. Ile ya Garsen, Witu hadi Lamu, kilomita 135, tuliililia miaka mingi, na ilipotiwa lami tulishukuru. Lakini lami inaishia bara, Mokowe. Hapo mtu wa Siyu, Pate, Ndau au Kiwayu safari yake ndiyo kwanza inaanza. Nataka boti ya umma yenye ratiba inayofuata maji, nauli inayojulikana, na inayoondoka hata ikiwa na abiria wanne.

Nahodha, Mokowe

Wa aleikum salaam. Ndugu wa Faza, nakuheshimu, lakini hapo kwenye abiria wanne ndipo ulipoteleza. Nikiondoka na abiria wanne kwenda Faza, petroli peke yake inanimaliza. Kwa hiyo nangoja watu wajae, na abiria wananitukana kwamba nina tamaa. Mashine yenyewe niliinunua kwa mkopo. Ikiingia mchanga kwenye pampu ya maji, wiki nzima niko chini.

Sasa wewe unataka serikali ilete boti yake ije inishindanie kwa kodi niliyoilipa mimi. Nauli yake itakuwa ndogo, abiria wote wataikimbilia, mimi nitaiuza yangu. Mwaka wa pili ya serikali itaharibika mashine. Spea itaombwa barua, barua itakaa. Na mimi sipo tena. Hapo mtavuka na nini? Kila mmoja wetu amepata kuona chombo cha umma kimefungwa gatini kinaota chaza. Si kwamba waliokiendesha ni wabaya, ila hakikuwa na mtu ambaye kikilala yeye halali na njaa.

Mkitaka kutusaidia, tuondoleeni hizo shilingi 25. Nauli itashuka yenyewe.

Mama wa samaki, Kizingitini

Nahodha mwanangu, nauli haitashuka. Mafuta yamepata kupungua mara ngapi na nauli ikabaki pale pale?

Mimi shida yangu si bei kama ilivyo saa. Samaki na kamba hawajui kusubiri abiria wajae. Nanunua barafu, napanga kwenye sanduku, nakuja gatini, naambiwa bado watu watatu. Barafu inayeyuka mbele ya macho yangu, na kila dakika inayopita ni shilingi inayotoka mfukoni mwangu. Nikifika Amu, mnunuzi anaangalia macho ya samaki, ananipa bei anayotaka yeye. Ningejua kwa hakika kwamba boti inaondoka saa fulani, ningelipa zaidi ya ninavyolipa leo na bado ningepata faida. Kwa hiyo kwangu mimi fedha ya serikali iende kwenye saa. Boti iwe ya nani, hilo ni lenu wanaume kubishana.

Mkulima, Mpeketoni

Habari zenu. Nitasema lisilopendwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti yetu. Kati yao Lamu Mashariki, yaani huko kwenu Faza na Kizingitini, walikuwa 22,258. Waliobaki wote ni Lamu Magharibi, na wengi wetu tuko bara. Mvua ya masika ikipiga, barabara za ndani huku zinakuwa madimbwi. Pikipiki inazama hadi kwenye ekseli, embe zinaoza shambani, na pamba inalowa kabla ya kufika kwa mnunuzi. Hatuna hata basi moja la umma. Matatu zinapandisha nauli wingu likionekana tu.

Sasa fedha kidogo iliyopo, kwa haki, ianze wapi? Kwa watu 22,000 au kwa 121,000? Siwaonei wivu watu wa visiwani. Nauliza tu hesabu inasemaje.

Mwalimu, Siyu

Ndugu wa Mpeketoni, hesabu hiyo hiyo ndiyo imetufanya tuwe wachache. Watu wanahama visiwani kwa sababu mgonjwa wa usiku hana njia. Jirani yangu alishikwa na uchungu saa tano ya usiku, mashua ilikuwepo ila maji hayakuwepo, na alipotoka alitoka kwa boti ya kukodi kwa bei ya mbuzi wawili. Mama na mtoto wako salama, alhamdulillah. Mbuzi wale walikuwa ndio mali yote.

Na tuache kuzungumza kana kwamba tunaomba sadaka. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inataja kazi za kaunti, na katika fungu la usafiri imeandika vivuko na bandari pamoja na barabara za kaunti na usafiri wa umma wa barabarani. Yako kwenye mstari mmoja. Usimamizi wa usafiri wa meli wa kitaifa na wa kimataifa ndio uliobaki Nairobi. Kwa hiyo kaunti ikipitisha bajeti yenye barabara na isiwe na chombo hata kimoja cha kuvusha watu, imefanya nusu ya kazi yake.

Mkaazi wa Malindi

Mimi niko huku Malindi, sina kisiwa, lakini nilisoma Mombasa na nilikuwa navuka Likoni kila siku. Anayekwenda kwa miguu pale halipi senti. Feri ni ya serikali, mafuta ni ya serikali, na hakuna anayeuliza kama inaleta faida, kwa sababu kila mtu anajua Mombasa ingesimama bila ile feri. Mtu wa Likoni anavuka bure mita mia chache. Mtu wa Kiwayu anasafiri masaa na kulipa kila kitu mwenyewe. Wote ni Wakenya.

Ila sitasahau upande wa pili. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, huko huko Mombasa, ilizama, wakafa watu 272. Ile haikuwa boti ya mtu binafsi. Ilikuwa ya umma, ilijazwa kupita kiasi, na watu wakazama karibu na nchi kavu wakionekana. Nasema haya kwa heshima ya marehemu. Tunapodai fedha, tudai pia idadi ya abiria iheshimiwe na jaketi za kuokolea ziwepo na zivaliwe. Chombo cha serikali hakielei kwa sababu ni cha serikali.

Baharia mstaafu, Shela

Wanangu, nimekaa melini miaka mingi, nimeona nti za watu. Nitawapa mawili.

Norwei ina visiwa na hori zisizohesabika. Serikali yao haikukaa ikanunua kila feri na kuiendesha. Inatangaza zabuni: njia hii, safari kadhaa kwa siku, chombo cha namna hii, saa hizi. Makampuni yanashindana, anayeshinda analipwa kwa kuifanya ile kazi. Chombo ni chake. Kikiharibika, ni juu yake kuleta kingine, la sivyo malipo yanakatwa.

La pili ni Uskoti. Mwaka 2008 walianza kwa majaribio mpango wa nauli katika baadhi ya visiwa vya magharibi, baadaye wakaueneza. Msingi wake ni huu: nauli ya kuvuka ikadiriwe kwa gharama ya kwenda masafa yale yale kwa barabara. Linalozidi, serikali inabeba. Hawakusema visiwa vipewe upendeleo. Walisema mtu asitozwe zaidi kwa sababu Mungu amemzungushia maji. Lakini lilikuja na lake: nauli iliposhuka, wageni na magari wakajaa, wenyeji wakaanza kukosa nafasi katika safari zao wenyewe. Hilo mlijue, maana na sisi hapa tuna wageni.

Nahodha, mwanangu, hofu yako ni ya kweli. Lakini je, ukilipwa kwa safari, badala ya kushindanishwa na boti ya bure?

Mfungua mjadala, Faza

Mzee wetu, Mungu akuzidishie. Nakiri nilianza na boti kichwani, boti mpya yenye rangi ya kaunti. Nahodha na Mama wa samaki wamenitoa huko. Tusidai boti, tudai safari. Kaunti itangaze njia: Amu hadi Faza, Kizingitini, Ndau na Kiwayu. Ratiba ichapwe kila mwezi kwa kufuata maji, kwa sababu kupwa na kujaa kunajulikana mwaka mzima mbele. Majedwali yapo, na wazee wetu waliyahesabu kwa mwezi kabla ya majedwali. Anayeshinda zabuni aondoke saa hiyo, wawe abiria wanne au arubaini, na kaunti ifidie viti vilivyo tupu.

Ndugu wa Mpeketoni, mpango huo huo unafaa kwenu. Matatu ilipwe kupita njia ya ndani siku za mvua, nauli isipande. Sioni kwa nini tugombane sisi kwa sisi juu ya nani mchache. Bandari ya Lamu ilipokea meli yake ya kwanza Mei 2021, mabilioni yamezama pale, na mahakama ya Malindi ilikuwa imeamua 2018 kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa njia na maeneo waliyopoteza. Nchi hii ina fedha ya bahari pale bahari inapobeba makontena. Mimi nazungumzia bahari inayobeba watu.

Mkulima, Mpeketoni

Hapo kwenye siku za mvua umenigusa. Bado nasema barabara kwanza. Lakini nitakuja kwenye kikao cha maoni ya bajeti, na nikifika sitasimama kupinga boti.

Nahodha, Mokowe

Mzee wa Shela, umeniuliza waziwazi nami nakujibu waziwazi. Ningekubali kesho. Ningefunga viti, ningevalisha watu jaketi, ningekubali kukaguliwa kila mwezi. Ila nina sharti moja. Malipo yafike kila mwezi tarehe iliyoandikwa. Kuna wenzangu waliwahi kubeba karatasi za uchaguzi, dawa na wageni wa ofisi, wakangoja malipo hadi wakauza mashine. Kaunti ikinichelewesha miezi mitatu sitakuwa na petroli, na ratiba yenu itabaki ukutani.

Mama wa samaki, Kizingitini

Basi andikeni na hilo. Fedha iwekwe benki kabla, safari ikifanyika itolewe. Mwalimu, wewe una kalamu nzuri, ifanye barua. Mimi nitapita kwa wanawake wa gatini kuchukua majina, Kizingitini na Tchundwa, na mtu wa Faza naye achukue ya kwao. Na kwenye ratiba, safari ya kwanza isiwe baada ya saa moja asubuhi maji yakiruhusu. Samaki wa usiku wanatoka alfajiri.

Mfungua mjadala, Faza

Nitachukua ya Faza. Maji yameanza kurudi, nahodha wetu anasukuma boti. Tuko kumi na mmoja, anasema anangoja wengine watano.