Tupeane uzoefu: The Batman (2022) inavyotakiwa kutazamwa

Mwanzisha mada
Wakuu, filamu za mashujaa zinapoanzishwa upya huwa zinakula muda kurudia yale yale: wazazi wanapigwa risasi kichochoroni, mtoto anabaki amepiga magoti. Mwongozaji Matt Reeves ameliruka lote hilo. Bruce Wayne wa Robert Pattinson, yaani Batman mwenyewe, tunamkuta yuko mwaka wa pili kazini, na wahalifu wa mji wake wa Gotham wanaogopa hata kivuli. Kwangu huu ndio uamuzi bora kuliko yote kwenye filamu hii. Wanaoijua vizuri waweke hapa namna ya kuitazama, mitambo na mafumbo. Mwisho utafichuliwa, kwa hiyo ambaye hajaiona aanze na filamu kwanza.

Bundi wa Usiku
Usihangaike kutafuta za nyuma. Haiungani na filamu tatu za Batman wa Christian Bale wala na Batman wa Ben Affleck. Ina dakika 176, karibu saa tatu. Kama lazima uigawe, simama pale gari la mhalifu Penguin linapobiruka na Batman anaonekana akija kichwa chini miguu juu, moto nyuma yake, kwa sababu tunatazama kwa macho ya Penguin aliye ndani ya gari. Baada ya hapo uchunguzi unashika njia nyingine, na ukikatia mbele zaidi utasahau nani alikuwa analipwa na nani.

Fundi Luninga
Malalamiko ya "giza tupu, sioni kitu" mara nyingi yanatokana na seti. Mpiga picha Greig Fraser alirekodi kwa kamera za dijitali, kisha picha zikahamishiwa kwenye mkanda wa filamu na kuskaniwa tena. Ndiyo maana weusi wake una chembechembe na ulaini fulani. Fanya hivi: zima taa, funga pazia, weka modi ya sinema, zima ule mfumo wa kulainisha mwendo (unaifanya filamu ionekane kama tamthilia ya mchana), na zima mwanga unaojibadilisha wenyewe. Mistari myeusi ya juu na chini iache, ukivuta picha ijaze kioo unakata pembeni.

Halafu nakala. Dakika 176 zilizobanwa kwenye MB 700 zinaacha kama kilobiti 530 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Mvua na giza ndivyo vitu vigumu zaidi kubana, kwa hiyo utaona vijisanduku vikitembea ukutani. Nakala ya GB 6 hadi 7 ndiyo inayoonyesha ile korido ambayo mwanga pekee ni wa risasi zinazofyatuliwa, na kila mweko unamkuta Batman amesogea hatua moja.

Sabufa Moja
Naongezea kwa mkuu hapo juu: sauti. Muziki wa Michael Giacchino umesimama juu ya noti nne tu, nzito, kama maandamano ya msiba. Ukifungulia besi hadi mwisho zinafunika sauti ya Pattinson, ambaye muda mwingi ananong'ona. Shusha sabufa kidogo, pandisha spika ya katikati kama unayo. Kipimo ni pale gari la Batman linapowashwa gizani: usikie injini inanguruma na bado usikie mvua.

Mama Shani
Wanaotegemea mkalimani wa vibandani wajue fumbo kubwa linapotea. Riddler, muuaji anayeacha mafumbo, ameandika Kiingereza na Kihispania kwa pamoja, "You are el rata alada", yaani wewe ni panya mwenye mabawa. Penguin anacheka kwamba Kihispania chenyewe kimekosewa, panya ni "la rata". Kosa hilo ndilo ufunguo! "You are el" ukiyatamka haraka unapata U-R-L, anwani ya tovuti. Mkalimani akisema tu "panya anayeruka" na kuendelea, mtazamaji hataelewa Batman amefikaje kwenye kompyuta. Asimamishe, ataje herufi tatu, ndipo aendelee.

Bundi wa Usiku
Umenena, dada. Na neno "kisasi" nalo lisibadilishwe. Mwanzoni, kituo cha treni, genge linamuuliza Batman yeye ni nani, anajiita Kisasi. Mwishoni mfuasi wa Riddler anavuliwa barakoa, anaulizwa swali lile lile, anajibu neno lile lile. Uso wa Pattinson pale ndiyo filamu nzima: anasikia jina lake mdomoni mwa muuaji. Mkalimani akitumia maneno mawili tofauti, pigo hilo halifiki.

Sabufa Moja
Ila tuseme ukweli, baada ya Riddler kukamatwa inachelewa kuisha. Mafuriko yanayoikumba Gotham yanaonekana kama filamu ya pili.

Mwanzisha mada
Hapo sikubaliani nawe, ndugu. Bila mafuriko hatumwoni Batman akiacha kupiga watu na kuanza kuwaokoa. Anatumbukia majini, anawasha mwenge mwekundu, watu wanamfuata nyuma mmoja mmoja. Kamera inapanda juu na tunaona njia nyekundu ndani ya maji meusi. Fundi, rangi nyekundu hapo kwenye seti nyingi inavuja hadi nyuso hazionekani, tiba yake nini?

Fundi Luninga
Shusha rangi kidogo kidogo, na weka joto la rangi kwenye "warm". Simamisha picha pale mkono wa kwanza unapomshika Batman. Vidole vikionekana kimoja kimoja, acha hapo.