Mafundi wa malori Dar acheni kushusha hedi (vichwa vya injini) za watu bila kupima, mnatumaliza!

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na wala sizifichi. Fuso yangu imelala gereji mpaka mteja wa Morogoro nimemkodia gari nyingine kumpelekea mzigo wake, na karibu milioni mbili zimekwenda kutibu ugonjwa ambao gari haikuwa nao kabisa. Gereji siitaji jina, ipo huku Tabata, na wanaomiliki malori humu wanajua mchezo huu haupo Tabata peke yake.

Ilikuwa hivi. Dereva alipiga simu akiwa ametoka mzani wa Vigwaza, geji ya joto inapanda, maji ya rejeta yanapungua na chini hakuna tone linalovuja. Ikarudi mjini. Fundi akafungua mfuniko wa rejeta, injini ikawashwa, akaona mapovu, hapo hapo akasema "bosi gasketi ya hedi imeshakwenda, tushushe". Gasketi ni ile pakingi inayoziba kati ya hedi na bloku, yaani mwili wa injini. Basi, hicho ndicho kipimo chote! Dipstiki nilivuta mimi mwenyewe, oili safi kabisa, ekzosi haina moshi mweupe, mipira ya maji ukiibinya asubuhi injini ikiwa ya baridi ni laini, nikamwambia yote hayo akanijibu yeye malori ameanza kutengeneza zamani.

Hedi ikashushwa. Ikaenda kupigwa skimu, yaani kukwanguliwa uso kwa mashine, bila mtu kuweka rula juu yake kuona kama imepinda. Gasketi mpya, oili mpya, filta, kulanti, vyote mfukoni kwangu. Boliti zikakazwa kwa spana na kipande cha bomba, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) hawana, mpangilio wa kuanza boliti za katikati kwenda nje sikuuona. Kuwasha, mapovu yale yale! Akasema gasketi niliyonunua Kariakoo ni feki, nikaleta nyingine, hedi ikashuka tena, mapovu yapo. Ndipo akaja na kauli kwamba bloku imepasuka nitafute injini ya mtumba. Injini nzima jamani, kwa mtu ambaye hajapima kitu hata kimoja!

Nikaivuta gari mpaka Kurasini kwa mzee mmoja aliyezeekea kwenye malori ya bandarini. Mzee kitu cha kwanza akatoa upepo wote kwenye matenki ya breki, akawasha, akasimama kwenye rejeta anaangalia. Geji ya upepo inapanda na mapovu yanachemka, ilipofika bar 8 hivi gavana, kifaa kinachozuia upepo usizidi, ikakata na mapovu yakakoma. Akakanyaga breki mpaka upepo ukashuka, kompresa, mashine inayojaza upepo wa breki, ikaanza kujaza, mapovu yakarudi. Kisha akazima, akachomoa mipira miwili ya maji inayoingia na kutoka kwenye kompresa, akaiunganisha yenyewe kwa yenyewe, akawasha kwa dakika chache tu maana kompresa bila maji itaungua. Maji yametulia kimya. Tatizo ni gasketi ndogo ya kompresa ya upepo, kitu cha kufungua na kufunga siku hiyo hiyo.

Kwa ambao hamjui, kompresa ya breki kwenye malori mengi inapoozwa na maji ya injini hiyo hiyo, gasketi yake ikifa au kichwa chake kikipata ufa basi upepo unaingia kwenye njia za maji, unayasukuma nje kupitia mfuniko wa rejeta, maji yanapungua na gari inachemsha. Ukiangalia mapovu peke yake huwezi kutofautisha na gasketi ya hedi, kwahiyo lazima upime!

Na vipimo vipo. Kuna ile dawa ya bluu, unaweka kichupa chake kwenye mdomo wa rejeta unavuta hewa ya ndani ipite kwenye dawa, kama ni moshi wa silinda kuna hewa ukaa dawa inabadilika rangi, kama ni upepo wa kompresa inabaki bluu. Kuna pampu ya presha, injini ya baridi unajaza upepo kwenye rejeta mpaka namba iliyoandikwa kwenye mfuniko, bar 0.9 au 1.1, unaacha unaangalia kama inashuka na maji yanatokea wapi, inaweza kuwa kitundu cha chini ya wota pampu tu. Na gasketi ikifa kweli mara nyingi haijifichi, mipira inakuwa migumu muda mfupi tu baada ya kuwasha injini ya baridi, asubuhi unakuta presha ya jana bado ipo, au moshi mweupe, au oili inageuka kama chai ya maziwa, ingawa hata oili kula (kipoza oili) ikivuja inaweza kuleta mchanganyiko. Siliivu za nozeli, vile vikombe kwenye hedi vinavyoshika nozeli za kupuliza dizeli, nazo zikivuja zinatoa mapovu, na gari mpya zenye kipoza cha EGR (kinachopoza moshi unaorudishwa kwenye injini) kikitoboka maji yanaliwa bila kuona tone chini. Sasa mtu anayaruka yote haya anakimbilia hedi kwa sababu hedi ndiyo yenye hela!

Halafu thamostati yangu, ile valvu inayofungua maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto, waliitoa wakaitupa, eti gari za Dar hazihitaji. Kuna injini ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi na maji yanazunguka bila kupita kwenye rejeta, inachemsha zaidi. Na wakajazia maji ya kisima ya chumvi juu ya kulanti niliyonunua mimi. Inauma sana.

Nimerudi kudai hela yangu ya ufundi wamekataa, wanasema kazi waliifanya.

Sasa kinachoninyima usingizi ni hii hedi iliyokwanguliwa bila sababu. Hedi ya dizeli ukiikwangua valvu zinasogea kwenye pistoni, na ncha za nozeli zinatokeza zaidi kuliko zilivyotakiwa, inabidi vikalio vya valvu vichimbwe upya na washa za nozeli zibadilishwe unene, na hawa hawakufanya hata kimoja. Mwenye kumjua fundi wa mashine hapa mjini, iwe mtaa wa Gerezani au popote, anayepima kina cha valvu kwa dayo geji (kipimo chenye mshale kama saa) na siyo kwa macho, naomba aniambie hapa chini, gari sitaiwasha mpaka hedi hiyo ipimwe.