Eti Castilla iliwahi kucheza fainali na Real Madrid yenyewe? Nimeweka dau la chipsi mayai

Kinda wa Tandika
Wakuu, habari za usiku. Jana kibanda umiza, wakati wa mapumziko, jamaa mmoja muuza mitumba ya viatu kaibuka kwamba Real Madrid iliwahi kucheza fainali ya kombe na timu yake B, yaani ile timu yake ya pili ya vijana inayoitwa Castilla, halafu hiyo B ikaenda kucheza Ulaya. Kibanda kizima kicheko, mimi ndiye kiongozi wa kicheko. Nikamwekea dau, chipsi mayai sahani mbili na soda. Jamaa hakubisha. Kaniambia tu soda yake iwe ya baridi. Hapo ndipo tumbo limeanza kuniuma. Na kama hiyo Castilla ni kali hivyo, mbona La Liga hatuioni?

Mlevi wa Soka
Kamba hizo. Itakuwa mechi ya mazoezi watu wakaikuza. Kula chipsi zako kwa amani.

Namba 14
Kinda, tafuta hela ya chipsi.

Ni Juni 1980, uwanja wa Bernabéu wa Madrid, fainali ya Kombe la Mfalme la Hispania. Castilla walikuwa daraja la pili, na hawakubebwa na ratiba. Waliwatoa Hércules, Athletic Bilbao, Real Sociedad na Sporting Gijón, wote wa ligi kuu. Hao Sociedad msimu ule walipoteza mechi moja tu ya ligi wakamaliza wa pili, Gijón wa tatu. Wote wawili wametolewa na watoto! Fainali sasa ndiyo kaka mtu akakumbuka kuwa yeye ni kaka: 6-1.

Madrid walikuwa wameshachukua na ligi, kwa hiyo wao walikwenda Kombe la Mabingwa, na ile nafasi ya Kombe la Washindi, lile la Ulaya la mabingwa wa makombe ya nchi, ikamwangukia mshindi wa pili. Wakapangiwa West Ham, ambao nao walikuwa daraja la pili kwao Uingereza, ila walikuwa wameifunga Arsenal 1-0 fainali ya FA. Mechi ya kwanza, mjini Madrid, Castilla wakashinda 3-1. Mashabiki wa West Ham wakaleta fujo jukwaani, adhabu ikawa marudiano yachezwe kwao Upton Park bila watazamaji. Dakika 90 zikaisha 3-1 kwa West Ham, jumla 4-4. Kwenye muda wa nyongeza wakaongezwa mawili. Safari ikaishia hapo, mbele ya viti vitupu.

Asili yake nayo nzuri. Zamani kulikuwa na Plus Ultra, timu ya wafanyakazi wa kampuni ya bima. Madrid wakaifanya ya kulelea vijana wao. Ilipoishiwa hela, mwaka 1972 ikazaliwa Castilla. Baadaye jina likabadilishwa kuwa Real Madrid B, la zamani likarudi miaka ya 2000.

Kuhusu La Liga: hairuhusiwi. Timu B haiwezi kukaa daraja moja na mama yake. Msimu wa 1983/84 Castilla ilichukua ubingwa wa daraja la pili chini ya kocha Amancio, ina Butragueño, Míchel, Sanchís, Martín Vázquez, Pardeza. Wa pili wakawa Bilbao Athletic, nayo timu B! Bingwa na makamu wake wote wakabaki chini, wakapanda waliokuwa nyuma yao. Lakini watoto wenyewe walipanda timu ya wakubwa mmoja mmoja. Butragueño aliingizwa kwenye mechi ya ugenini kwa Cádiz, Februari 1984, Madrid wako nyuma 2-0. Akafunga mawili, mechi ikaisha 3-2 kwa Madrid. Na tangu msimu wa 1990/91 timu B hazichezi tena Kombe la Mfalme, kwa hiyo fainali kama ile haitatokea.

Kinda wa Tandika
Duh. Mkuu mbona umeyashika hivyo, ulikuwepo?

Namba 14
Bernabéu naijua kwenye runinga tu. Ila timu B naijua, nimeichezea. Miaka ya tisini, klabu kubwa ya hapa mjini, siitaji, viongozi wake wengine bado tunasalimiana.

Sisi tulikuwa mechi ya utangulizi. Saa nane mchana, Shamba la Bibi, enzi hizo ndiyo Taifa yenyewe. Jua la kukaanga mihogo. Jukwaani watu mia hivi, nusu wauza karanga. Jezi zetu zilikuwa za wakubwa za msimu uliopita. Ya kwangu ilikuwa 11, meneja vifaa akabandika plasta nyeupe, akachora 14 kwa kalamu ya wino. Kipindi cha pili jasho limeishika ile plasta, inaning'inia, beki wa upande wa pili ananiuliza, "Wewe namba ngapi leo?" Uwanja ukianza kujaa, refa anaangalia saa, tunaambiwa tutoke haraka wakubwa wapashe. Jezi unavua pale pale mlangoni, inahesabiwa. Njumu mkononi, naelekea zangu Keko kwa miguu, napishana na watu wanaokimbilia mpira ambao mimi nimeshamaliza kucheza.

Ndiyo maana hao Castilla niliwasoma sana. Watu husema wenzetu wana viwanja na hela. Mimi nilichowaonea wivu ni ligi. Wale watoto kila wiki wanakutana na mtu mzima mwenye familia anayepigania asishuke daraja. Sisi mechi yetu ikiisha hakuna aliyeandika matokeo popote. Kocha mkuu alikuwa anafika uwanjani sisi tunatoka. Miaka miwili, nina hakika hakuwahi kuniona nikigusa mpira.

Binti Chamazi
Msisahau tulikuwa na mtu wetu huko. Farid Mussa alitoka Azam, hapa hapa jirani kwangu, akaenda Tenerife ya Hispania, na muda mwingi alichezea timu yao B kabla ya kurudi Yanga 2020. Watu wa hapa walimcheka, eti kaenda Ulaya kukaa timu B. Nilikuwa nabishana nao mpaka sauti inakauka.

Namba 14
Dada yangu, waliocheka hawajui ile B inakutana na nani.

Kinda, ukitaka kumkomoa muuza viatu, muulize mama akishuka daraja mtoto anakwenda wapi. Villarreal B mwaka 2012 walimaliza katikati ya msimamo daraja la pili, hawana kosa lolote. Wakubwa wakashuka kutoka La Liga, wakaangukia pale pale. Ikabidi B washushwe wawapishe.

Mlevi wa Soka
Nafuta kauli yangu ya kamba. Namba 14, ile jezi ya plasta iliishia wapi?

Namba 14
Ilirudi stoo. Plasta ninayo, ilibaki mgongoni nikafika nayo nyumbani. Marehemu mama aliibandua akidhani nimeumia.

Kinda wa Tandika
Nimetoka kulipa. Jamaa kachukua sahani zote mbili, anasema dau halikutaja kwamba moja ni yangu. Swali la Villarreal namuuliza kesho, akiwa ameshiba.